Shukrani Niliyotaka Kumwandikia Mkwe Wangu

Mwaka nilipooa niliwahi kukaa ndani ya tangi la kahawa mpaka vidole vikakunjamana. Tangi lilikuwa la baba wa mke wangu, huko Itaka, kina chake kinanifika kifuani, na ndani yake mlikuwa na kahawa tuliyoimenya asubuhi hiyo, inachachuka ili ule utelezi utoke, tuioshe. Nilikuwa nimeitwa kuzungusha mashine ya kumenyea. Nikasikia kikohozi cha mama mkwe kinakuja njiani.

Kwetu mwanaume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe. Hasemi naye, hali mbele yake, akimwona mbali anaacha njia. Sasa mimi njia ya kuacha sikuwa nayo. Huku ukuta wa stoo, huku mto, mbele anakuja yeye na jirani yake. Nikaingia tangini, nikabaki pua tu nje.

Wale akina mama wakasimama palepale. Wakazungumza harusi mbili na msiba mmoja mpaka nikajua waliokula na waliokosa. Mwisho nikamsikia mama mkwe akisema, kwa sauti ya kunifikia:

"Mwaka huu kahawa ya mzee ina punje kubwa. Kuna moja humo inapumua."

"Iacheni ilowe," jirani akajibu. "Ikishakauka ndiyo tutajua kama inamfaa binti yako."

Wakaondoka wakicheka. Nilinuka chachu karibu wiki nzima, na mke wangu alinihamishia mkeka karibu na mlango. Lakini hakuna aliyeniona mjinga. Baba mkwe aliwaambia watu kwamba kijana huyu ana adabu, na sifa hiyo ilinitosha kuliko shati jipya.

Mama mkwe yule alinipenda sana, nadhani kwa sababu ya tangi. Alikuwa ananitumia kuku, ananitumia maharage mapya, na mimi kumwambia asante siwezi. Shule nilikuwa nimeishia darasa la pili, maana baba alikuwa na ng'ombe na ng'ombe hawajichungi. Lakini kilipokuja kisomo cha watu wazima nikaenda, nikakaa na wenzangu chini ya bati la kanisa, tukajifunza kuandika. Barua yangu ya kwanza maishani nilimwandikia mama mkwe. Mistari mitatu, herufi kubwa kama za mtu anayepaka rangi ukuta. Alisomewa na mdogo wa mke wangu, na wazee wakakubaliana kwamba hakuna mwiko uliovunjwa. Karatasi haina macho, walisema, haikumtazama mtu. Mama mkwe akaiweka barua ile ndani ya Biblia yake. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kisichoweza kupita mdomoni kinaweza kupita mkononi. Niliendelea kuamini hivyo mpaka uzeeni.

Nirudi kwenye hili ninalotaka kulisema, maana naona nalizunguka.

Mke wangu alikufa, mguu wangu wa kushoto ukaanza kuvimba, na mwanangu akaja kunichukua. Yeye ni dereva wa lori, anavuka mpaka kwenda Zambia mpaka Kongo, na amepanga nyumba Tunduma, mtaa ambako madereva wa ng'ambo wanasalimia "mulishani" na wauza karanga wanawajibu kwa Kibemba kama wamezaliwa Ndola. Akasema nikae kwake mpaka mguu upone, hospitali iko karibu. Nikakubali. Kitu ambacho hatukukifikiria, mimi na yeye, ni kwamba akisafiri nabaki na mkewe.

Na mkewe ametoka Ileje, ni Mndali, na Wandali kwa heshima ya ukwe wanatuzidi sisi Wanyiha. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaongei. Kwetu shambani hilo si shida, nyumba ni nyingi, watu ni wengi, ujumbe unapita kwa yeyote. Tunduma kulikuwa na sebule moja, vyumba viwili, ua wa kuanikia nguo, na sisi wawili. Wa tatu ni mtoto wao wa miezi minane.

Basi tukaongea kupitia kwa yule mtoto. Asubuhi mkwe anasimama nyuma ya pazia la jikoni, kamshika mtoto, anasema, "Mwambie babu uji uko mezani." Akishatoka kwenda uani ndipo mimi natoka chumbani nakula. Nami namwambia mtoto, "Mwambie mama maji ya kuoga yananitosha, asihangaike kuongeza." Mtoto anatazama huku, anatazama huku, anatoa mate. Hakuwahi kukosea ujumbe hata mmoja.

Uji wake ulikuwa wa ulezi, mwembamba kama ninavyoupenda, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba naupenda hivyo. Alikuwa ameona bakuli linarudi na masalia, akaupunguza unga, akaona linarudi safi, akauacha hapo. Kila siku alinichemshia maji ya chumvi ya mguu, akayaacha mlangoni na kugonga mara mbili. Nilikaa pale wiki sita na sikumpa asante moja.

Mkwe wangu alisomea kompyuta Mbeya. Kazi hakupata, akaolewa, akazaa, lakini alikuwa na mashine ndogo ya kukunja, kuukuu, aliyouziwa na mtu aliyetoka nayo ng'ambo, kifuniko chake kimebanwa kwa mpira wa tairi. Aliiweka kwenye meza ya sebuleni karibu na dirisha. Mimi kiti changu kilikuwa mlangoni, nimempa mgongo kama inavyotakiwa. Lakini ukutani kulikuwa na kioo. Sikukiweka mimi. Nilikitazama.

Kwenye kioo niliona maandishi meupe kwenye weusi, na vidole vyake vinapita kama mtu anayechambua mchele. Siku moja mwanangu yuko nyumbani, nikamuuliza mke wake anaandika nini. Akaniambia anaandika programu, yaani maagizo ambayo mashine itayafuata. Nikauliza anaandikia nini. Hapo mwanangu akashindwa, akacheka, akamwambia mkewe, "Mama, msaidie mzee."

Mkwe akamgeukia mtoto. Nakumbuka alivyoeleza, maana ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake.

"Mwambie babu mashine hii ni mzee mwenzake," alisema. "Nikiipa zile programu kubwa za kuandikia inakohoa, inasimama. Hii ninayotumia ni nyepesi. Wameitengeneza watu wasiojuana, wakaitoa bure, na ndani yake pako wazi, anayejua anafungua anaona ilivyoshonwa, akitaka anarekebisha. Mwambie ina hali mbili. Kuna hali ya kuandika, hapo ukibonyeza herufi inatokea herufi. Na kuna hali ya kazi, hapo herufi si herufi tena, kila moja ina kazi yake. Hii inaruka mstari, hii inanakili, hii inafuta. Ndiyo maana mkono hautoki kwenye kibodi kushika kingine, ndiyo maana naenda haraka."

"Na unajuaje uko hali gani?" nikamuuliza mtoto.

"Mwambie babu unazoea."

Mwanangu akasema, "Baba, hiyo kitu ni kama gia. Ukikanyaga mafuta hujaingiza gia, unapiga kelele tu." Nikaelewa hivyo, kama gia, na nikaridhika kwamba nimeelewa.

Kilichokuwa kinaandikwa ni hiki. Malori yanayosubiri kuvuka hukaa kwenye yadi siku mbili, siku tatu, na dereva haondoki pembeni ya lori lake kwa kuogopa zamu impite. Mkwe alikuwa anatengeneza programu ya yadi moja. Dereva anatuma ujumbe kwa simu, anajibiwa yuko wa ngapi, anakwenda kula na kuoga kwa amani. Mwenye yadi alimwambia alete Jumatatu aione inafanya kazi. Ikifanya, kazi ya kuiangalia ni yake, na yadi nyingine zitafuata. Kulikuwa na kijana mwingine wa Vwawa naye ameahidi kuleta ya kwake. Mkwe alikuwa ameiandika miezi minne, mtoto mgongoni. Majirani walikuwa wanasema anacheza na mashine badala ya kutafuta meza ya kuuza nyanya. Nilisikia wanavyosema, maana hawakujua kwamba mzee mlangoni anasikia.

Jumamosi ile mwanangu yuko safarini. Mkwe akampeleka mtoto kliniki. Aliondoka kwa haraka, maana foleni ya kliniki ni ya kuwahi, na mashine akaiacha wazi mezani. Uji wangu alikuwa ameuacha mezani palepale, umefunikwa kwa sahani, pembeni ya mashine.

Nikanywa uji. Nikatazama ule weusi na maandishi yake. Nikafikiria kwamba mguu umepona, wiki ijayo nitarudi nyumbani kuchuma kahawa, na mwanamke huyu amenilisha wiki sita. Ndipo nikapata lile wazo. Nimwandikie humo. Akirudi akiketi atakuta maneno, mkwe wangu asante kwa uji, na hatakuwa amenisikia wala kunitazama. Niliona ni jambo zuri kabisa. Hata nilivaa miwani na kunawa mikono.

Nikatafuta M. Nikaibonyeza. Hakikutokea kitu. Nikabonyeza K. Kimya. Nikasema kitufe kigumu hiki, kama cha redio yangu, nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Sikukumbuka habari za gia. Nilikumbuka baadaye, wakati haisaidii. Nikaanza kujaribu vitufe jirani nione kipi kiko hai. Nilipofika kwenye D, mara ya kwanza kimya, mara ya pili mstari wa juu ukaondoka na yote ya chini yake ikapanda.

Nikadhani nimefunua ukurasa. Naapa nilidhani hivyo. Mtu anayesoma gazeti kwenye simu anasukuma kwa kidole, maandishi yanapanda, nilimwona mwanangu akifanya hivyo kila siku. Nikasema kumbe hiki ndicho cha kupandishia, ngoja niende mpaka mwisho, pale pasipo na maandishi, niandike yangu chini kama mtu anavyosaini barua. Nikakiweka kidole kwenye D, nikakiacha hapo. Mistari ikapanda, ikapanda, kama maharage yanayomiminwa kwenye gunia. Nikaona ni mingi kweli, nikamsifu moyoni, binti huyu ameandika hivi vyote na mtoto mgongoni. Ikaisha. Pakabaki peusi.

Nikatafuta cha kushushia. Nikajaribu huku na huku, hakuna kilichoshuka. Hapo moyo ulishanieleza, ila kichwa kilikuwa kinabisha. Na hapa ndipo ninapojilaumu, maana mpaka hapo nilikuwa mjinga tu, na ujinga si kosa la mtu aliyeishia darasa la pili. Kilichofuata hakikuwa ujinga. Nilikuwa nimemwona kwenye kioo anavyomaliza kazi jioni: nukta mbili zilizopandana, herufi mbili, kisha kitufe kile kikubwa cha pembeni, halafu anakunja. Nilizijua hizo herufi mbili vizuri, W na Q, kwa sababu hiyo Q huwa hatuitumii. Nikazibonyeza ili akirudi akute kama alivyofunga mwenyewe. Nilikuwa naficha. Ile programu ikajifunga, nikakunja kifuniko, nikarudisha mpira wake wa tairi, nikaosha bakuli, nikakaa mlangoni nikatazama barabara.

Alirudi saa sita. "Mwambie babu umeongezeka uzito," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. Akafungua mashine. Nilitazama kwenye kioo. Alikaa bila kusogea muda ambao mtu anaweza kula ndizi mbili. Akafungua, akafunga, akafungua tena. Hakulia. Akasimama, akashika meza, akainama kumtazama mtoto aliyekuwa anatambaa miguuni pake, na nikaona anavyofikiria.

Asubuhi hiyo, kabla ya kliniki, mtoto alikuwa ameshika meza na kujaribu kusimama. Alikuwa amefikia kibodi, na mama yake alimtoa.

"Ni wewe," akamwambia. Akamshika mkono mdogo ule, akaupiga kofi juu ya kiganja. Si kwa nguvu. Mtoto hakuwahi kupigwa, akamtazama kwanza, akashangaa, ndipo akalia. Mkwe naye ndipo akalia.

Mimi niko mlangoni, hatua nne. Nilifungua mdomo. Ningemwambia nani? Ujumbe wetu ulikuwa unapita kwa mtoto, na mtoto ndiye alikuwa amepigwa. Nitamwambia, mwambie mama ni babu? Nilifikiria hivyo. Nimefikiria mara nyingi tangu wakati huo kwamba zilikuwa sababu, na sababu huwa nazipata kirahisi. Mwiko wenyewe hauzuii mtu kusema ukweli. Nyumba ikiungua mkwe anamwita mkwe mwenzake, na hakuna mzee atakayemlaumu. Nilifunga mdomo kwa sababu niliogopa, nikaita woga huo adabu.

Jioni akampigia mwanangu simu, akiwa jikoni, na pazia halizuii sauti.

"Flashi yako ya miziki," akasema, "ile nyekundu, niliweka nakala humo. Iko wapi?"

Sikusikia alichojibu, ila mkwe aliyarudia maneno yake. Flashi ilikuwa kwenye lori, na lori lilikuwa karibu na Kongo.

"Sasa nitafanyaje," akasema. "Mtoto kaigusa. Sijui kafanyaje mpaka ikajihifadhi na kujifunga, inashangaza. Ingekuwa haijafungwa, ningebonyeza herufi moja tu. Moja. Kila kitu kingerudi pale pale."

Herufi moja. Kama ningekuwa nimekaa mikono mapajani, nimeacha ule weusi ulivyo, angekuja, angebonyeza kwa kidole kimoja, tungemaliza. Kumbe kufuta hakukumwangusha. Kilichomwangusha ni kile nilichofanya ili nisijulikane.

Aliandika upya Jumapili nzima. Kanisani hakwenda. Nilimbeba mtoto siku hiyo, nikamzungusha uani, nikamwonyesha malori, na kila nilipogeuka mkono wake ulikuwa kwenye ndevu zangu. Nilijaribu kumwambia. Nilimwambia kabisa, kwa Kinyiha, taratibu, mimi ndiye. Akanicheka. Kupitia dirishani nikasikia, "Mwambie babu leo chakula kitachelewa, anisamehe." Nikamjibu mtoto, "Mwambie mama asijali kabisa," na ndivyo siku ilivyopita, yeye ananiomba msamaha na mimi namsamehe.

Jumatatu akajifunga kitenge kipya, akabeba mashine ndani ya mfuko wa shule, akamwacha mtoto kwangu. Alikuwa amefikia nusu. Ile sehemu ya ujumbe wa simu, sehemu yenyewe, hakuimaliza. Nilikaa na mtoto tukingoja. Mimi si mtu wa maombi marefu, lakini siku ile niliomba kijana wa Vwawa aharibikiwe. Nalisema kama lilivyokuwa.

Alirudi saa tisa. Akavua viatu nje, akapanga vizuri. Akaweka mashine mezani, akaifungua, sijui kwa nini, labda mazoea. Akaingia jikoni, pazia likatulia.

"Mwambie babu wamemchukua yule wa Vwawa," akasema. "Yake inajibu ujumbe. Mwambie napika ugali sasa hivi, najua ana njaa."

"Mwambie mama pole," nikasema. Hilo ndilo neno nililompa.

Nikamweka mtoto sakafuni. Akatambaa moja kwa moja mpaka kwenye meza, akashika mguu wa meza, akasimama, akanyoosha mkono kuelekea kile kibodi. Ukafika karibu. Akausimamisha hapo. Akautazama mkono wake, upande huu na upande huu, akaurudisha kifuani, akakaa chini.

Nilichukua fimbo yangu. Mfuko wangu wa nguo nikauacha chumbani, maana mtu mwenye mfuko anaulizwa anakwenda wapi.

"Mwambie mama nanyoosha mguu barabarani," nikamwambia mtoto.

"Mwambie babu asikawie," sauti ikatoka jikoni. "Maji yanachemka."

Nikapita kati ya malori yaliyopanga foleni, madereva wamekaa kwenye kivuli cha matairi, hakuna anayethubutu kwenda kula. Mmoja akanisalimia, nikaitikia. Nikafika stendi, nikapanda gari la kwanza lililokuwa linaondoka, nikashuka Mlowo jua likiwa bado juu, nikashika njia ya nyumbani kwa miguu. Mwanangu alinipigia sana. Nilimwambia kahawa imeiva, na kweli ilikuwa imeiva. Mwaka uliofuata nikamwambia hivyohivyo. Tunduma sikurudi tena.